Mshale wa Laptopu Ukiruka Wenyewe, Anza na Chaja

Saa tano usiku, Kilwa Masoko, siku kumi na mbili kabla ya kukabidhi tasnifu. Nilikuwa sebuleni kwa mama mdogo naandika sura ya nne, mahojiano niliyofanya na wazee wa Kilwa Kivinje kuhusu nyumba za mawe za mji ule. Mara mshale wa kwenye skrini ukaanza kutetemeka. Nikatoa kidole, ukaendelea kutembea peke yake. Ukaruka mpaka juu ya ukurasa, ukachagua aya tatu nzima, na mimi vidole bado viko kwenye kibodi vinaandika. Nikabonyeza herufi moja tu. Aya zote tatu zikapotea, ikabaki "n".

Ctrl+Z ilizirudisha, lakini usingizi haukurudi. Wazee wawili kati ya wale niliowahoji wamepita miaka themanini. Mahojiano yale sikuwa na nakala yake popote zaidi ya kwenye ile laptopu. Na laptopu yenyewe ni ya mtumba, baba aliinunua kwa pesa za ufuta msimu ambao mnada ulikwenda vizuri. Aliponikabidhi aliniambia, "Mwanangu, hili ndilo jembe lako." Sasa jembe lilikuwa linalima lenyewe, tena linalima shamba ambalo nimeshapanda.

Ndugu msomaji, tatizo hili la mshale kurukaruka nimelikuta hosteli, maktaba na steshonari. Wengi wetu tunakimbilia kuweka Windows upya, au kubadilisha vifaa, au kuuza mashine kwa bei ya hasara. Mimi nilifanya mawili ya kwanza, na yote yalikuwa bure. Naandika hapa nilivyokosea, halafu utaratibu ambao ningeufuata mwanzo ungeniokolea pesa na siku nne.

Nilivyoanza vibaya

Nilimpigia rafiki yangu wa darasani. Akasema bila kufikiri, "Hiyo virusi hiyo, piga fomati." Nikahamisha kazi zangu kwenye fleshi (hilo angalau nilifanya vizuri), nikafomati, nikaweka Windows upya. Siku nzima ikaenda na bando likaisha. Jioni nilipochomeka chaja na kufungua tasnifu, mshale ukaruka kama jana.

Siku ya pili nikapanda gari kwenda kwa fundi wa kompyuta. Akaiangalia dakika tano akasema, "Mdogo wangu, padi imekufa hii." Padi ni kile kibao cha kugusia kilicho chini ya kibodi, tunachotembezea kidole. Alikuwa nayo moja ya mashine kama yangu, akaifunga kwa shilingi elfu sitini. Nikajaribu pale pale mezani kwake, mshale umetulia kama maji mtungini. Nikalipa, nikashukuru, nikarudi Masoko. Usiku nikachomeka chaja. Mambo yale yale.

Nikakaa pale nimekasirika, na umeme ukakatika. Gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya hii hii ya Kilwa, inapelekwa kwa bomba Dar es Salaam kuzalisha umeme tangu 2004, lakini usiku ule kwetu kulikuwa giza. Laptopu ikaendelea kwa betri. Na mshale ukatulia. Nikaandika nusu saa nzima, haukuruka hata mara moja. Umeme uliporudi, ndani ya sekunde chache mshale ukaanza tena kucheza.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa fundi hatukuchomeka chaja. Mashine ilikuwa inatumia betri muda wote. Padi ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Padi inakusikia vipi

Watu wengi wanadhani padi inasikia uzito wa kidole. Siyo. Chini ya kile kibao kuna mtandao wa nyuzi nyembamba za shaba, za wima na za mlalo, zenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu unapitisha umeme, kwa hiyo kidole kikisogea karibu kinabadilisha kidogo kiasi cha chaji ambacho nyuzi za mahali pale zinaweza kubeba. Kompyuta inapima badiliko hilo mara nyingi kila sekunde na kukisia kidole kiko wapi. Ndiyo maana ukigusa padi kwa kalamu ya plastiki haisikii kitu, ukigusa kwa kidole cha mvua inachanganyikiwa.

Badiliko linalopimwa ni dogo sana. Kwa hiyo chochote kinachotikisa umeme karibu na padi kinaweza kuonekana kama kidole: jasho, tone la maji, au kelele za umeme kutoka kwenye chaja.

Hizo kelele zinatoka wapi? Soketi ya ukutani kwetu inatoa volti 230. Laptopu nyingi zinataka kama volti 19 tu. Chaja inashusha umeme huo kwa kuuwasha na kuuzima makumi elfu ya mara kila sekunde, na kazi hiyo inaacha mitetemo. Waliobuni chaja wanalijua hilo, wakaweka vifaa vidogo vya kuichuja mitetemo na kuipeleka ardhini kupitia waya wa tatu, ule ambao mafundi umeme wanauita ethi. Ethi ikiwepo, kelele zinashuka ardhini. Ethi isipokuwepo, zinabaki kwenye mwili wa laptopu, na wewe ukigusa padi unakuwa ndiyo njia yake.

Dalili yake huenda unaijua tayari: ukipitisha mkono juu ya bati la laptopu inayochaji unasikia kama inakutekenya, au kama mchanga mwembamba. Ukichomoa chaja, hali hiyo inaondoka.

Kalamu kwenye tundu la juu

Sasa angalia tunavyochomeka. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mraba, mtindo wa Uingereza. Laptopu za mtumba nyingi zinakuja na waya wenye plagi ya pini mbili za mviringo, za nchi zilikotoka. Pini mbili haziingii, kwa sababu soketi nyingi zina vizibo ndani vinavyofunguka tu pale pini ndefu ya juu inapoingia. Basi Mtanzania anachukua kijiti au kalamu, anachokonoa tundu la juu, vizibo vinafunguka, anasukuma pini mbili. Nimefanya hivyo tangu mwaka wa kwanza. Nadhani na wewe umefanya.

Lile tundu la juu ndilo ethi yenyewe. Tunachokonoa mlango wa usalama ili tuingie bila usalama. Tena pini za mviringo kwenye tundu la mraba hazikai vizuri, zinalegea, zinapata moto na kutoa cheche. Kama ekstensheni yako ina alama nyeusi ya kuungua, sababu inaweza kuwa hiyo.

Nikanunua waya wa pini tatu wenye fyuzi, ule ambao mwisho wake unaoingia kwenye chaja una matundu matatu kama jani. Elfu nane. Nikachomeka kwa furaha. Mshale ukaendelea kuruka.

Nyumba nayo ina habari yake

Hapo nilitaka kulia. Lakini sasa nilikuwa nimeelewa njia ya umeme, nikajiuliza: kama waya wangu una ethi na soketi ina tundu la ethi, je, hiyo ethi inafika ardhini kweli?

Nikamuuliza mama mdogo kama kuna kitu kingine kinachotekenya ndani ya nyumba. Akacheka. "Friji hilo, mwanangu, lina mwaka linatupiga. Watoto nimewaambia wavae kandambili kabla ya kufungua." Alilisema kama anavyosema paka wetu ana mikwaruzo. Nyumba nzima walishazoea.

Asubuhi tukamwita fundi umeme wa mtaani mwenye leseni. Hakugusa laptopu. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye ile fimbo ya chuma iliyochomekwa ardhini, ambayo waya wa ethi wa nyumba nzima unatakiwa kufungwa. Kibano kilikuwa kimeliwa na kutu na waya umeachia. Nyumba iko hatua chache kutoka baharini. Hewa ya chumvi ilikuwa inafanya kazi pale kwa miaka. Mwenye shaka na nguvu ya bahari aangalie magofu ya Kilwa Kisiwani ng'ambo ya mlango wa bahari: yaliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, mmomonyoko wa mawimbi ukiwa miongoni mwa sababu. Kama bahari inakula kuta za matumbawe, kibano cha chuma ni nini?

Fundi akaweka fimbo mpya na kibano kipya, akapima, akarudisha. Nikachomeka laptopu. Mshale umetulia. Mama mdogo akaenda kwenye friji peku, kabla sijamzuia, akaligusa na kusema, "Halipigi."

Naomba hili lisomwe vizuri: kazi ya ethi na nyaya za ukutani siyo ya mwanachuo mwenye testa. Ni ya fundi umeme. Yetu ni kuijua dalili na kumwita.

Utaratibu wa kupima

Kanuni ni moja: anza na kipimo cha bure, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usinunue chochote mpaka kipimo kimekuonyesha. Lakini kabla ya yote, okoa kazi yako. Mshale ukiwa umepata wazimu usiufukuze. Ondoa mikono kwenye padi, tumia kibodi: Ctrl+S kuhifadhi, Ctrl+Z kurudisha kilichofutika, Alt+Tab kuhama dirisha. Laptopu nyingi zina kitufe cha kuzima padi kwenye mstari wa juu wa kibodi, kina kapicha ka padi, unakibonyeza pamoja na Fn. Kizime, weka nakala kwenye fleshi, halafu ndiyo uanze uchunguzi.

Kwanza, chomoa chaja. Tumia betri dakika kumi. Mshale ukitulia, tatizo ni chaja, waya, ekstensheni au ethi ya jengo. Jaribu chaja ile ile kwenye jengo lingine, na chaja ya mwenzako ya aina ile ile kwenye soketi yako. Majibu ya vipimo hivyo viwili yatakuonyesha mwenye kosa. Wanaotumia sola na inveta visiwani au vijijini nao wajue kwamba inveta za bei rahisi zina kelele nyingi. Chaji kwanza, chomoa, halafu andika kwa betri.

Pili, futa padi na mikono. Zima mashine, tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo sana, kisha kikavu. Msimu wa kaskazi huku pwani ni joto na jasho tupu, na chumvi ya jasho ikikauka juu ya padi inabaki pale. Losheni na mafuta ya nazi nayo ni hivyo hivyo. Na kama unakula samaki wa kukaanga huku unaandika, sina la kukuongezea.

Tatu, angalia kiganja chako. Kama mshale unaruka pale tu unapoandika, huenda ni sehemu ya chini ya dole gumba inagusa padi. Fungua Settings, tafuta touchpad, punguza wepesi wa kuhisi. Hapo hapo kuna sehemu ya kuifanya padi ijizime ukichomeka mausi.

Nne, mausi yenyewe. Mausi ya taa inafanya kazi kwa kupiga picha za meza chini yake, zaidi ya elfu moja kwa sekunde, na kulinganisha picha moja na inayofuata. Kwenye kioo au marumaru inayong'aa haioni kitu. Weka daftari chini yake. Pindua uangalie kama kuna unywele kwenye kitundu. Ya bila waya, badilisha betri, na usichomeke kipokezi chake jirani na fleshi, maana fleshi za kasi zinaweza kuvuruga mawimbi yake. Kisha ichomoe kabisa uone kama mshale unatulia.

Tano, kama laptopu yako ina kile kidude chekundu katikati ya kibodi, kama zilivyo ThinkPad, mshale ukianza kuteleza upande mmoja taratibu toa mikono yote kwa sekunde kadhaa. Kidude hujipima upya chenyewe. Ukipambana nacho unakizidishia makosa. Na kama skrini yako ni ya kugusa, ifute nayo. Ikiwa na ufa au unyevu inaweza kujigusa yenyewe.

Sita, tenganisha programu na vifaa. Kabla ya kufomati, weka Ubuntu kwenye fleshi na uwashe mashine kwa fleshi hiyo bila kuisakinisha. Kama mshale unaruka hata huko, Windows haihusiki, na kufomati hakutasaidia. Kama unatulia huko na kuruka kwenye Windows, basi shughulika na draiva: ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine yako, siyo kwenye hizi tovuti za draiva za bure.

Na virusi? Mshale unaotetemeka na kuruka hovyo mara chache sana ni virusi. Mshale wa kuogopa ni ule unaotembea kwa utulivu kama wa mtu: unafungua folda, unasogea kwenye barua pepe. Huo kata intaneti kwanza, maswali baadaye.

Betri iliyovimba

Nimeiacha mwisho ili uondoke nayo kichwani. Mwenzangu mmoja hosteli padi yake ilikuwa inajibonyeza yenyewe, na kingo zake zimeinuka kidogo. Laptopu ilikuwa inayumba mezani kama meza ndiyo mbovu. Alikuwa anaweka kitabu kizito juu yake usiku ili "inyooke".

Betri za lithiamu zikizeeka au zikikaa kwenye joto huku zimejaa chaji muda wote, kemikali za ndani huvunjika na kutoa gesi. Betri inavimba, na katika mashine nyingi iko chini ya padi, kwa hiyo inaisukuma padi juu. Ukiona padi imeinuka, haibonyeki, au kifuniko cha chini kimeachana, zima mashine, chomoa chaja na usichaji tena. Usiikandamize, usiitoboe, usiitupe kwenye shimo la taka tunalochoma. Mpelekee fundi aitoe. Betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto, na sisi tunalala wanne hadi sita chumba kimoja, laptopu juu ya godoro.

Gharama ya kukisia

Nikipiga hesabu, padi niliyobadilisha bila sababu ilikula elfu sitini, bado nauli na bando. Waya wa pini tatu ulikuwa elfu nane. Kuchomoa chaja kulikuwa bure. Kwa mwanachuo anayesubiri bumu, tofauti hiyo ni chakula cha wiki kadhaa. Na kwa aliye mbali na Kariakoo siyo pesa tu. Kilwa hadi Dar ni kilomita zipatazo 300, na barabara ile ikikatika, kama ilivyokatika Somanga Mei 2024 baada ya mvua za Kimbunga Hidaya, kifaa ulichoagiza kinakaa njiani na tarehe ya kukabidhi haikusubiri.

Tasnifu niliikabidhi siku moja kabla. Mahojiano ya wazee sasa yako mahali patatu. Padi ya zamani fundi alinirudishia, iko kwenye droo, nzima kabisa.

Juzi nilimpigia mama mdogo kumsalimu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia amepita kwa majirani nyumba tatu anawauliza kama friji zao zinapiga. Wawili walisema ndiyo, wakacheka kama alivyocheka yeye. Amewapa namba ya yule fundi umeme.